Kadi inabaki, mama anatoka

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa Buswelu, Ilemela, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Shikamoo. Nina miaka 57, nikifika 60 nastaafu kwa lazima. Wamenikokotolea mkupuo wa kama milioni 55, na pensheni laki tano na nusu kwa mwezi. Mke wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kwenye bima yangu nimemwandikisha yeye, kijana wetu wa mwisho anayeingia chuo mwaka huu, na mama yangu mzazi mwenye miaka 80, ambaye yuko kwetu Ukerewe. Nikistaafu tunataka turudi huko huko, tujenge, tulime. Wenzangu shuleni wanasema mtumishi akistaafu anabaki na bima yake mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo hela ya matibabu isinisumbue kichwa. Ni kweli? Mwenyewe nina presha, na kuna ngiri inanisumbua sumbua. Mama naye macho yameanza kuingia ukungu."

Marahaba, mdogo wangu. Wenzako hawajakudanganya, ila wamekuhadithia nusu.

Nusu ya kweli ni hii. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi Julai 2001, umekuwa ukikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wako anaongeza asilimia 3 nyingine. Kwa mkupuo ulionitajia, mshahara wako utakuwa unacheza kwenye milioni moja na laki nne, maana yake kila mwezi inakwenda elfu 42 yako na elfu 42 ya serikali. Ukistaafu makato hayo yanakoma na matibabu yanaendelea, wewe pamoja na mwenza wako. Hiyo ni haki uliyoichangia mwenyewe, wala usiende kuiombea dirishani kwa sauti ya chini.

Sasa irudie hiyo sentensi: wewe pamoja na mwenza wako. Mama hayumo. Kijana hayumo. Leo kadi yako inabeba mchangiaji, mwenza na hadi wategemezi wanne. Ukistaafu inakuwa kadi ya watu wawili. Hili ndilo ambalo wenzako hawakukwambia, na nadhani hata wao hawalijui, kwa sababu nilikaa dirisha la bima miaka 19 katika hospitali moja ya hapa mjini na nililiona likiwapata watu wazima wenye elimu zao.

Kuna bwana mmoja siwezi kumsahau. Alikuwa amestaafu wiki tatu nyuma. Amekuja na mama yake kwenye kiti cha magurudumu, amemfunika kitenge begani kwa sababu ya feni, ametoa kadi ya bibi kwa kujiamini kabisa. Nikaiingiza kwenye mfumo, ikagoma. Akasema jaribu tena. Nikajaribu. Akafungua bahasha ya kaki, akanitolea barua ya kustaafu yenye maneno mazuri ya shukrani kwa utumishi wake uliotukuka, akaiweka kaunta kama vile ile barua ndiyo ingeifungua kadi. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Ikabidi nimwambie pale pale, watu wakisikia, kwamba bibi atatibiwa kwa fedha taslimu. Hakubisha. Aliuliza tu, "Na wadogo zangu nitawaambia nini?"

Swali lake ndilo swali lako, mwalimu. Hukuniambia mko wangapi kwa mama, lakini nina hakika hauko peke yako, na nina hakika tangu uingie kwenye bima ndugu zako wamelala usingizi. Mama akiumwa anapigiwa simu mwenye kadi. Hakuna aliyewahi kutenga senti kwa sababu hakuna aliyehitaji. Itisha kikao mapema, miaka hii mitatu bado ipo, uwaambie tarehe kamili ambayo kadi itaacha kumbeba mama. Ukiwaambia leo ni taarifa. Ukiwaambia siku bibi amelazwa wataona unakwepa mzigo sasa umepata kiinua mgongo, na hapo hata milioni 55 yako itahesabiwa na watu ambao hawakuifanyia kazi.

Mama ana njia mbili za kupita, na zote mbili zishikwe pamoja. Ya kwanza ni msamaha wa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, na halmashauri hutoa kitambulisho kupitia watu wa ustawi wa jamii. Kitafute Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, sasa akiwa mzima, maana kitambulisho cha kufuatilia huku mgonjwa yuko wodini hakipatikani kwa wakati. Ila usikipe uzito kisichokuwa nao: kumwona daktari ni bure kweli, lakini dawa ikiwa haipo mtaandikiwa karatasi mkanunue duka la nje.

Ya pili ni bima ya kaya. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ambayo huku mikoani tuliizoea kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, ilimwezesha mtu wa Ukerewe kutibiwa kuanzia zahanati ya kijijini hadi Sekou Toure, hospitali ya mkoa, kwa rufaa, kwa sababu Ukerewe iko mkoa wa Mwanza. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na uandikishaji wa kaya unahamia huko. Kwa hiyo usibebe bei ya zamani kichwani. Mwulize mtendaji wa kijiji cha mama kaya inaandikishwa vipi mwaka huu na kwa kiasi gani, halafu mama aandikishwe hata kabla wewe hujastaafu. Bima binafsi sahau kwa upande wake. Kampuni nyingi mgeni wa umri wa miaka 60 au 65 hazimpokei tena, sembuse wa 80, na wanaompokea mtu mzima huweka kipindi cha kungoja na kuyatoa maradhi aliyokuja nayo.

Kijana hana shida kubwa. Wanafunzi hukatiwa bima kupitia chuo, na mchango wake kwa miaka mingi umekuwa 50,400 kwa mwaka. Ilipe pamoja na ada usiifikirie tena.

Nikuelezee sasa jambo ambalo ningelitaka mtu aniambie mimi nilipokuwa na umri wako. Miaka hii mitatu iliyobaki ndiyo miaka ambayo kadi yako ina nguvu kuliko itakavyokuwa tena maishani. Itumie. Mama mwenye ukungu machoni huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, mgonjwa akarudi nyumbani. Akitolewa leo, kadi inabeba. Akitolewa mwaka mmoja baada ya wewe kustaafu, mtachanga. Na mzee asiyeona anaanguka. Akianguka anavunja nyonga. Nyonga ya bibi wa miaka 80 ndiyo gharama inayofilisi ukoo. Kwa hiyo macho ya mama kwangu ni ya kwanza kwenye orodha, kabla ya nyumba, kabla ya shamba.

Ngiri yako ni ya pili. Unaandika "inanisumbua sumbua" kama mtu anayezungumzia mbu. Ngiri haiponi kwa dawa wala kwa kufunga mkanda, na ikinyonga utumbo inakuwa dharura ya usiku. Ukipasuliwa sasa una likizo ya ugonjwa na mshahara unaingia. Ukipasuliwa ukiwa mkulima Ukerewe, wiki zile za kutobeba kitu kizito zinakwenda na msimu mzima wa kulima.

Halafu kuna kitu ambacho sisi wa ziwani tunakizoea mpaka tunakisahau. Umekulia Ukerewe, umeoga ziwani, umechota maji ziwani. Omba upimwe kichocho. Kile cha tumbo hukaa miaka bila kupiga kelele, kinachakaza ini taratibu, na mtu anakuja kushtuka anatapika damu akiwa mtu mzima. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vya siku moja. Ukienda kupima hicho pima na sukari, na tezi dume, na mkeo akapime mlango wa kizazi. Sitaki kukuhubiria zaidi ya hapo.

Tuje kwenye hela, maana uliuliza kama isikusumbue kichwa. Ikusumbue kidogo.

Kadi inalipa hospitali. Ugonjwa una madai mengine ambayo hayapiti dirishani kabisa. Mwaka jana nilimuuguza shemeji yangu siku tisa wodini, hapa hapa Mwanza. Ana bima ya mstaafu kama utakayokuwa nayo wewe. Bili yetu ya hospitali siku ya kutoka: sifuri. Lakini mimi nina ugonjwa wa kuandika, nilikuwa na daftari dogo la kurasa 32, na ndani yake kuna hivi. Chakula cha mgonjwa na cha msindikizaji, elfu 15 kwa siku, 135,000. Bajaji na daladala, 54,000. Pampasi za wakubwa pakiti tatu, 66,000. Dawa ambazo famasi yao haikuwa nazo wala duka tulilotumwa kwa fomu, tukanunua mkononi, 87,000. Kipimo kimoja ambacho mashine ya pale ilikuwa mbovu, tukaenda nje, 120,000. Dada yake aliyetoka kijijini kuja kulala naye, nauli na posho, 70,000. Vocha 10,000, kwa sababu mgonjwa mmoja ana ndugu 40 wanaotaka kujua ameamkaje. Jumla 542,000. Hiyo ni pensheni yako ya mwezi mzima, mwalimu, imekwenda na kadi iko mfukoni inafanya kazi vizuri kabisa.

Nimekupigia na hesabu ya mwaka wa kawaida, usio na kulazwa, mkiwa Ukerewe. Kliniki ya presha Mwanza kila baada ya miezi miwili, watu wawili, meli, bajaji na chakula, tuseme elfu 60 kwa safari: 360,000. Dawa zinazokosekana dirishani, elfu 25 kwa mwezi: 300,000. Vipimo vidogo vidogo vya hapa na pale, 100,000. Fungu lako kwa mama baada ya ndugu kugawana, elfu 40 kwa mwezi: 480,000. Hapo una 1,240,000 kwa mwaka, kama laki moja na elfu tatu kila mwezi, karibu sehemu moja ya tano ya pensheni yako. Badilisha tarakimu zangu uweke zako, lakini usifute mstari wowote.

Ndiyo maana mpango wa kurudi Ukerewe unanitia mashaka kuliko kitu kingine katika barua yako. Simpingi mtu kurudi kwao. Ila presha ina tabia ya kugeuka kiharusi, na kiharusi hakichagui saa. Hospitali ya wilaya ipo Nansio, sawa. Lakini ukiandikiwa rufaa ya Sekou Toure, au ya Bugando, hospitali ya kanda, saa nne usiku, meli ina saa zake, kivuko cha Rugezi na Kisorya usiku kimelala, na hata kikivuka una barabara ya kuzunguka Bunda mpaka Mwanza. Ungekuwa mtu wa Sengerema ningekujibu tofauti kabisa: tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile la kilomita 3 hivi, gari la wagonjwa halingoji pantoni tena. Ukerewe bado ni kisiwa.

Ningekuwa wewe ningejenga Ukerewe nyumba ndogo kuliko unayoiwaza, na nisingeiuza wala kuikodisha yote nyumba ya Buswelu. Acha chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na ndoo, funguo ikae kwa mkeo. Na mkeo bado ana soko lake Mwaloni. Hujaniambia kama naye amekubali kuliacha. Muulize vizuri. Chumba hicho kitakuokoa nyumba za wageni, na kinampa msindikizaji mahali pa kupika uji. Wale wanaolala kwenye mabenchi nje ya wodi si wote hawana bima, wengi kadi wanazo.

Katika mkupuo, siku ile ile unapoingia, kabla ya bati na kabla ya mtu wa kukuuzia biashara ya vizimba vya samaki hajabisha hodi (watabisha, wana pua ya ajabu kwa wastaafu), toa milioni 6 uiite ya matibabu. Milioni 2 ziweke mahali pa kuzifikia haraka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa, hauna ada ya kuingia wala kutoka na hela inarudi benki ndani ya siku chache za kazi. Milioni 4 nunua hati fungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Kima cha chini ni milioni moja, riba inakuja kila miezi sita, nayo ndiyo italipia zile safari za kliniki. Ukibanwa unaweza kuiuza kupitia soko la hisa, ingawa siku ya shida bei haiwi lazima ile uliyonunulia, ndiyo maana zile mbili zinakaa pembeni. Usiweke fungu hili kwenye simu. Hela iliyo kwenye simu kila mwanandugu ana namba yake. Na usingoje mkupuo ndipo uanze: elfu 50 kwa mwezi kuanzia mshahara huu ni milioni moja na laki nane ukifika 60.

Kuna neno la kuongeza kuhusu kwenda hospitali binafsi. Machi 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipa, kilipoanza kutumika, hospitali nyingi binafsi nchini zilisitisha kuwapokea wanachama wa Mfuko kwa sababu ya kutokubaliana bei. Yalizungumzwa yakaisha, lakini waliokuwa na faili huko tu walihangaika. Uwe na faili hospitali ya serikali hata kama foleni yake inakukera, na ufuate ngazi za rufaa. Ukiruka ngazi ukapanda Bugando moja kwa moja kwa sababu binamu yako anafanya kazi pale, unaweza kujikuta unalipa mwenyewe.

Makaratasi yatakuchosha kuliko ugonjwa, kwa hiyo anza nayo. Kadi ya mstaafu haiji yenyewe. Ya utumishi inafungwa, mpya inaombwa, na katikati kuna pengo ambalo mimi mwenyewe nililipuuza. Nilikaa miezi miwili bila kadi kwa sababu jina langu la kati kwenye kitambulisho cha taifa lina herufi moja zaidi ya ile iliyo kwenye barua ya ajira. Herufi moja. Kwa hiyo toa hati zako zote uziweke mezani: barua ya ajira, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, hati za mshahara, kadi ya bima. Soma majina na tarehe za kuzaliwa kwa kidole, herufi kwa herufi. Palipopishana, kaape kwa wakili sasa.

Na cheti cha ndoa. Wengi wa rika letu tulifunga ndoa tukala pilau tukaenda zetu, cheti hakuna, au kiko kwenye sanduku la kanisa ambalo padri wake alishahamishwa. Bila cheti, "mwenza" ni neno tu. Kama hamna, fuatilieni usajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, wakati wote wawili mnaweza kupanda ngazi za ofisi.

Jumatatu moja ya likizo ya Juni pita ofisi ya Mfuko ya mkoa, omba taarifa ya michango yako tangu 2001, uikague miezi yote. Kama kuna miezi haionekani, afisa utumishi wako anaweza kuisahihisha ukiwa bado kwenye orodha yake ya mishahara. Likizo hiyo hiyo nenda ukamchukue mama Ukerewe, aje na kadi yake, akae Buswelu mpaka macho yatazamwe. Na wewe ukishamwacha kliniki ya macho, usikae kwenye benchi kumsubiri. Shika foleni ya upasuaji, uwaonyeshe hiyo ngiri.